Waya wa Tatu

Majina siandiki, ila waliofanya nitawasema kwa kazi zao, wenyewe watajijua. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kile kisanduku nakijua kuliko wote walioniambia ninyamaze.

Kilikuwa ukutani, nje ya ofisi ya karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, huko Rwamgasa. Mume wangu alikuwa mlinzi, mimi mpishi na mfagiaji. Bondeni pale simu za mkononi hazishiki, kwa hiyo tajiri, mwenye karasha, alivuta simu ya mezani. Fundi aliyeifunga aliniona nimesimama na ndoo, akanifungulia kifuniko cha kisanduku cha nyaya nitazame. Waya huu unatoka kwenye nguzo, akasema, ni wa kampuni. Huu unaoingia ndani ni wenu. Huu wa tatu, mnene, unashuka kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Radi ikifuata waya wa nguzo, hapa ndipo inaposhushwa chini isiingie kwa watu.

Msimamizi alikuwepo, alisikia kila neno. Mvua zilipokaribia akaukata ule mnene kwa koleo, akaenda kuufunga kwenye sola ya nyumbani kwake. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia tajiri. Akasema tusubiri kiangazi, fundi akipita ataweka mwingine.

Siku ile wingu lilikuwa mbali bado, uani jua linawaka. Simu ikalia. Mume wangu akapokea, akasema haloo, akasema tena haloo. Mimi napiga deki, miguu mitupu ndani ya maji. Ngurumo sikuisikia. Niliona mwanga ukitoka mkononi mwake, kimya, halafu nikawa nimelala chini namtazama. Alikuwa bado amesimama. Mkonga wa simu sikioni, macho wazi, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Ndipo akaanguka.

Tangu hapo sikio langu la kushoto lina mlio ule wa simu kabla hujabonyeza namba. Haukatiki.

Tulimzika kwao, Samuye. Tukakatazwa kulia, eti aliyechukuliwa na radi haliliwi mpaka mganga apite. Unasikia majembe tu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemleta huyo mganga. Akanusa udongo, akazunguka boma, akasimama mbele ya mlango wa mama mkwe wangu. Radi imetoka humu, akasema.

Wanaume wa ukoo hawakupiga kelele. Walikubaliana taratibu kama watu wanaopanga kuuza ng'ombe: Jumapili ikimkuta mama pale, tusilaumiane. Kwetu kila mtu anajua maana ya neno hilo, na mapanga yanayolifuata. Mayu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe kwa Kisukuma, alikuwa anachambua karanga. Hakuinua uso.

Nikapanda basi kurudi Rwamgasa.

Ofisi walishaihama. Kitu kilichopigwa na radi hakiguswi kabla ya kutakaswa, na hakuna aliyetaka kuanza. Hata kuku walipita mbali. Tambara langu la deki lilikuwa pale pale sakafuni, limekauka na mikunjo ya vidole vyangu. Mwoga kuliko wote alikuwa msimamizi. Hakuthubutu kurudi kuficha alichokifanya. Kisanduku kilikuwa kimepasuka, cheusi, lakini kipande kilichobaki cha waya wa tatu hakikuyeyuka mwisho wake. Kilikatwa, safi kabisa. Nikakibandua kisanduku ukutani kwa kisu cha jikoni, nikakifunga kwenye khanga.

Msimamizi alinikuta getini.

"Mama, hicho hakishikwi."

"Ulikishika wewe kwanza."

Akaiangalia khanga, akanipisha.

Samuye nikakiweka katikati ya boma. Wanaume wakarudi nyuma mpaka kwenye zizi.

"Shemeji, hapa iliingia," nikamwambia, kidole changu juu ya kile kitu. "Hapa ilitakiwa ishuke. Tazama palivyokatwa. Ilikosa njia, ikapita kwa kaka yako."

Akauliza nani kakata. Nikamtaja msimamizi, nikamtaja na tajiri aliyeachia. Mganga akacheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya mafundi, lakini aliyeituma siku ile ni nani? Shemeji alikuwa ameinama, anautazama ule mwisho wa waya, na alipoinuka alisema mlango wa mama usiguswe. Mganga akachukua mkoba wake. Kumfuata msimamizi, hakuna aliyekwenda. Yuko karasha mpaka leo, na waya uko kwake.

Lakini shemeji hakuwa ananitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Umekibeba njia nzima, shemeji," akasema polepole. "Na hujafa."

Tangu siku ile watoto wa boma huitwa ndani nikipita. Mayu anaishi nyumbani kwake, mzima, na asubuhi nampelekea uji.

"Uweke hapo nje, mwanangu," huniambia kwa upole, na hafungui mlango mpaka asikie nyayo zangu zimekwenda.