Hayo Sikuyajua

Nilipoajiriwa uwanja wa pembea, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilidhani watakaonishinda ni watoto. Kumbe watoto niliwaweza. Mtoto akilia unambembeleza, akitapika unamfuta, akikataa kushuka unambeba. Walionishinda ni watu wazima waliowaleta watoto hao, kisha wakasimama kando ya reli kunifundisha kazi yangu.

Uwanja wetu haukuwa mbali na majumba ya Michenzani, nilikokuwa nikikaa na mama yangu. Siku za kawaida palikuwa kimya, unasikia kunguru tu. Lakini Sikukuu ikiingia, Ndogo au Kubwa, kwa siku nne mji mzima ulihamia kwetu. Watoto walikuja na nguo ambazo bado zina mikunjo ya dukani, viatu vinawabana na hawataki kukubali. Mimi nilikabidhiwa treni. Ilikuwa na kichwa cha bati kilichopakwa rangi nyekundu, mabehewa manne, na reli iliyozunguka bwawa lisilo na maji. Nilipokea tiketi, nikafunga minyororo ya mabehewa, nikapiga kengele, nikawasha.

Mgeni anayejua mambo haji kuuliza. Hiyo ndiyo alama yake. Huanza na "Unajua wewe," na hapo ujue umekwisha. Fundi mmoja wa umeme aliniambia mota yangu haitafika Sikukuu Kubwa, na kila Sikukuu Kubwa alikuja kuitazama kwa huzuni ikizunguka. Kijana mwengine, aliyekuwa akifanya kazi hoteli moja ya mjini, alinihesabia mabehewa kwa Kitaliano. Mabehewa yenyewe manne. Nami nina hasira za karibu, sifichi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso.

Aliyenifunza kazi ni bibi aliyekaa dirisha la tiketi tangu uwanja ufunguliwe. Sote tulimwita Bi Mkubwa, hata meneja. Wiki yangu ya mwanzo aliniweka chini akanipa sharti moja.

"Mgeni akikwambia jambo," alisema, "hata kama wewe ndo ulomwambia jana, useme: Alaa! Hayo sikuyajua. Kisha unyamaze."

"Na akiwa anakosea, Bi Mkubwa?"

"Hasa akiwa anakosea. Wewe utabaki na treni yako. Yeye kaja na watoto wake, wanamtazama."

Nililichukulia kama maneno ya mtu mzima aliyechoka kubishana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili na sikuwa nimechoka hata kidogo.

Katika wote hao, hodari wao alikuwa babu mmoja wa Mji Mkongwe. Ukoo wao ulikuwa wa Kiarabu, zamani wenye mashamba ya karafuu. Kwa wakati huo walichobaki nacho ni nyumba ya ghorofa inayovuja na kofia nzuri. Yeye mwenyewe alistaafu ukarani bandarini. Kila siku ya pili ya Sikukuu, baada ya sala ya alasiri, alifika na kanzu iliyopigwa pasi na bakora mkononi, na mjukuu wake wa kike, kitoto cha miaka sita hivi, amemshika kidole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unajua wewe..."

Basi. Alianza na kibao. Tulikuwa na kibao kilichoandikwa kuwa watu wazima hawaruhusiwi kupanda, na yeye alikisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama vile mimi sijui kusoma. Kisha alinieleza sababu yake: springi za behewa la mwisho ni dhaifu, zilitengenezwa kwa uzito wa watoto tu, mtu mzima akikaa zitalala. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nalijua kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikizipaka grisi. Kisha alimalizia na kengele.

Hapa ndipo alipokuwa akisimama sawasawa. Aliigusa kengele kwa ncha ya bakora akawaambia watoto wote waliopanga foleni: "Hii mnayoiona ni kengele ya treni ya Bububu. Treni ya kweli, ya moshi, ilokuwa ikitoka mjini ikipita Darajani hadi Bububu. Wakubwa wenu hawaijui. Mimi nimeisikia kwa masikio yangu haya." Watoto walikodoa macho. Mjukuu wake alisimama wima kama kwamba kengele ni mali ya kwao. Nami nilisema, nikiuma meno, "Alaa! Hayo sikuyajua."

Nilikuwa nayajua vizuri sana. Kengele ya asili ilipasuka mwaka wangu wa kwanza, nikatumwa Mlandege kutafuta nyengine. Niliipata kwa muuza vyuma vikuukuu, ndani ya sanduku la makufuli. Nilizijaribu kengele nne, moja baada ya moja, mpaka mwenye duka akaniambia nichukue yoyote bora niondoke. Kila asubuhi niliisugua kwa majivu na ndimu. Hata ufa wake mdogo pembeni niliujua kwa kidole.

Nilivumilia Sikukuu mbili. Ya tatu, Sikukuu Ndogo, sikuweza.

Siku hiyo mwenzangu wa kufunga minyororo hakuja. Jua lilikuwa kali, foleni imefika hadi kwenye pembea kubwa, na mtoto mmoja ameshika tiketi yake kinywani mpaka imelowa. Babu akafika, akapita mbele, akainua bakora, akaanza. Treni imejaa, watoto wameshakaa, lakini hakuna anayetaka kuondoka kabla hajasikia habari za Bububu. Nikasubiri. Akafika Darajani, akarudi nyuma kueleza rangi ya moshi. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa, juu ya kelele zote:

"Babu, kengele hii nimeinunua mimi, Mlandege, mwaka juzi. Haijaiona Bububu wala Bububu haijaiona. Tupishe tufanye kazi."

Watoto wengine wakacheka. Watu wazima wakatazama chini. Yeye alibaki na bakora juu kidogo, kisha akaishusha polepole. Mjukuu wake alikuwa ameshakaa behewa la mbele. Akageuka akamtazama.

"Babu, kwani ulikuwa unatudanganya?"

Nilipiga kengele nikawasha treni, na mizunguko yote mitano mtoto yule hakunyanyua mkono hata mara moja kumpungia babu yake, na ndicho walichokuja kufanya. Waliposhuka waliondoka bila kuaga. Babu alikuwa amemshika mtoto mkono, si mtoto kumshika babu kidole kama walivyokuja.

Nilijua palepale nimefanya ubaya. Sikutaka kujua, nikajitia shughuli, lakini nilijua. Jioni Bi Mkubwa alifunga dirisha lake, akaja kukaa juu ya kichwa cha treni.

"Umesema kweli," aliniambia. "Sasa umefaidi nini?"

Nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Siku ya pili yake asubuhi, kabla ya uwanja kufunguliwa, alinipeleka kwa babu. Alitengeneza visheti nyumbani kwake, akavifunika kwa kawa, na njiani, tukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, alinipa sharti jengine.

"Usiombe radhi ya kengele. Ukiiomba utaitaja, na ukiitaja utamwaibisha mara ya pili, tena nyumbani kwake."

"Sasa nnakwenda kusema nini?"

"Muulize kitu usichokijua. Kwani unajua kila kitu?"

Tulipiga hodi. Mjukuu ndiye aliyetufungulia. Aliponiona alikimbilia juu ya ngazi akakaa huko, magoti yamefika kidevuni. Babu alitukaribisha chumba cha chini, akatuletea kahawa na halua, akauliza hali ya mama yangu kana kwamba hakuna kilichotokea. Adabu yake hiyo ilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Babu, nilikuwa nataka kukuuliza. Treni ile ya Bububu, ulipoipanda, mabehewa yake yalikuwa mangapi?"

Alizungusha kikombe chake.

"Sikuipanda," alisema. "Nlikuwa mdogo mno. Baba alinibeba mabegani, tukasimama njiani kuitazama ikipita. Treni yenyewe siikumbuki. Nnakumbuka mikono ya baba imenishika vifundo vya miguu nisianguke, na kengele. Mwaka uleule baba alifariki." Akanywa kidogo. "Mikono nimebaki nayo. Sauti ya kengele ilinipotea zamani sana, hata sijui lini. Siku nlipoisikia hii yenu, moyo ukanilipuka. Nkasema basi, na iwe hii."

Bi Mkubwa alikuwa akitazama kawa lake. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu.

"Tabu yangu sasa ni huyu," akasema, akionyesha ngazi kwa macho, kwa sauti ya chini. "Ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza nyumba hii. Jana nimemwambia mvua itanyesha, akatoka nje kwenda kuhakikisha. Anasema hendi tena huko kwenu, treni ya uongo."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kuwa nimemnyang'anya mzee wa watu mjukuu wake. Mama aliniuliza vipi. Ni kengele tu, nilisema.

Kati ya Sikukuu Ndogo na Kubwa ni miezi miwili na siku chache. Niliihesabu. Wageni wanaojua mambo waliendelea kuja, mmojammoja, na niliwaambia wote kuwa hayo sikuyajua, mpaka fundi wa umeme akaniuliza kama ninaumwa.

Sikukuu Kubwa ilipofika, siku ya pili, baada ya alasiri, macho yangu yalikuwa getini na minyororo naifunga kwa kupapasa. Nilikwisha kata tamaa nilipoiona ile kofia. Mtoto alikuwa pembeni yake, amenuna, mikono yote miwili nyuma. Nilidhani amemleta kwa nguvu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Foleni ilikuwa ndefu, watoto wengine walewale wa mara ile, na mmoja wao alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Babu alikohoa. Akainua bakora, akaigusa kengele.

"Unajua wewe," aliniambia, na sauti ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayesomesha darasa, "unajua wewe kengele hii imetoka wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Imenunuliwa Mlandege!" Akawageukia watoto. "Kwa muuza vyuma. Ilikuwa ndani ya sanduku la makufuli, pamoja na kengele nyenziwe. Aloinunua alizijaribu zote mpaka akaipata yenye sauti. Hamkuyajua hayo, enh? Na huyu bibi wa treni, anaipiga kila siku, na yeye hajui!"

Habari ya sanduku sikumwambia yeye. Nilimwambia Bi Mkubwa tu. Niligeuza uso kuelekea dirisha la tiketi, na huko nikamwona mtu amezama kuhesabu vishina vya tiketi ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Mjukuu hakuwa akimtazama babu yake. Alikuwa akinitazama mimi, macho hayapepesi, anangoja kuona nitafanya nini.

"Alaa!" nilisema. "Kumbe Mlandege! Wallahi hayo sikuyajua, babu."

Mtoto aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa. Mikono ikatoka nyuma. Kisha akauliza, si kwa ubishi, kwa kutaka kujua tu: "Na ile ya Bububu, babu? Iko wapi?"

"Ile sijui ilipo, mwanangu," alisema babu. "Ile sijui."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mtoto alilipokea bila shida yoyote, akamshika kidole, akamwambia basi wataitafuta.

Treni ilikuwa imejaa isipokuwa behewa la mwisho. Nilimpandisha mtoto humo, nikabaki na mnyororo mkononi. Babu alikwisha rudi nyuma hatua mbili, mahali pake pa siku zote, karibu na kibao, tayari kwa kupungiwa.

"Babu," nilisema, "panda na wewe. Behewa la mwisho huchukua mtu mzima mmoja, Sikukuu."

Alikitazama kibao alichokuwa akinisomea kila Sikukuu. Akazitazama springi. Mjukuu alikuwa ameshajisogeza pembeni, anapigapiga kiti kwa kiganja. Babu akanipa bakora nimshikie, akakusanya kanzu yake, akainua mguu.

"Alaa!" alisema. "Hayo sikuyajua."