Verlene Guillory Hashuki Paani

Kwa miaka thelathini na moja Verlene Guillory aliwapikia watoto wa shule wali na maharagwe mekundu kila Jumatatu, na hakuna mwalimu mkuu aliyethubutu kumwambia apunguze vitunguu. Alipostaafu alirudi kukaa na kaka yake Alcide pale Fourchette, mtaa wa watu weusi uliobanwa kati ya tuta la mto Mississippi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Alcide alikuwa amechomelea matangi ya kiwanda hicho tangu ujana, na malipo ya mwisho aliyoondoka nayo ni mapafu mabovu. Alipumua kwa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda chake mchana kutwa.

Kimbunga cha mwezi wa nane kiling'oa nguzo za umeme kama mtu avunaye karanga. Siku ya tatu mafundi wa kampuni ya umeme wakafika. Verlene akawatokea na jagi la chai baridi. Wakanywa, wakashukuru, wakavuta waya mpya juu ya paa lake hadi kiwandani, kisha wakaanza kufunga vifaa vyao.

"Jamani, wanangu," Verlene akauliza, "mbona mmeturuka?"

"Tumeagizwa kiwanda kwanza, mama. Nyie mtasubiri zamu yenu."

Zamu yao ilifika siku ya kumi na mbili. Alcide alikuwa amekufa siku ya sita, saa saba mchana, mtungi wa akiba wa oksijeni ulipokwisha. Alikufa ameushika mkono wa dada yake, na taa za kiwanda zinawaka juani bila kazi.

Cheti cha kifo kiliandikwa ugonjwa wa mapafu. Verlene akamrudishia karani.

"Andika waya. Kilichomuua ni waya uliopita juu ya kichwa chake."

"Bi Verlene, fomu haina nafasi ya kuandika hivyo."

"Basi fomu yako ni mwongo."

Kwenye mazishi, Mchungaji Prosper Doucet alisema kwa sauti yake nzito, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Verlene akasimama na kofia yake nyeusi.

"Mchungaji, usimsingizie Mungu. Mungu hakuzima umeme."

Kesho yake mchungaji akaja barazani kwake, uso umemvimba kwa hasira.

"Dada Verlene, umeniaibisha mbele ya waumini wangu."

"Nimekuaibisha, au nimekuamsha?"

Mchungaji akajitupa kitini. Mwishowe akauliza, "Haya, unataka nini?"

"Nataka paa la ukumbi wako."

Ndivyo ilivyoanza. Shule moja iliyofungwa ilikuwa na paneli za sola zisizo na mwenyewe. Verlene akaziomba hadi wakuu wa elimu wakachoka kumwona mlangoni. Kutoka New Orleans akaja Thaddea Romain, mwanamke fundi umeme, akawafundisha wanawake wa mtaa kuzifunga, kila Jumamosi. Waliojitokeza walikuwa wanawake saba, Verlene akiwa mmoja wao, na mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na miwili. Binamu wa Verlene, Ozelle, ambaye hata kiti cha jikoni aliogopa kukipanda, alishika ngazi kwa mikono miwili.

"Nikianguka mnizike na kofia hii hii. Leo nimependeza."

"Panda, wewe! Maiti haipigi domo hivyo," Verlene akamjibu, na wote wakacheka hadi ngazi ikayumba.

Paneli zilipokwisha fungwa, mkaguzi wa mji akaja, akapima, akatia saini. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kampuni ya umeme: mitambo ile haikuruhusiwa, iondolewe. Jumanne asubuhi likaja lori, na Bwana Whitcomb wa kampuni akashuka na makaratasi mkononi. Alimkuta Verlene juu ya paa la ukumbi wa kanisa, ameketi katikati ya paneli.

"Mama, shuka tuzungumze."

"Huku nasikia vizuri. Zungumza."

"Hii ni kwa usalama wenu."

"Usalama! Siku ya sita usalama wenu ulikuwa wapi?"

"Mama, mimi natekeleza amri tu."

"Panda basi uitekeleze, ngazi hiyo hapo. Ila nakuonya, nimewahi kumtoa mtu jikoni kwangu kwa mwiko, naye alikuwa mkubwa kuliko wewe."

Wanawake sita wakapanda mmoja mmoja, Ozelle wa mwisho akiwa amefumba macho, wakaketi naye. Mchungaji Doucet, mwenye magoti mabovu, akavuta kiti akaketi chini kabisa ya ngazi. Whitcomb akapiga simu, akapiga tena, kisha lori likageuka. Kampuni ilikwenda mbele ya baraza la mji, na baraza likasema saini ya mkaguzi inatosha.

Mwaka uliofuata kimbunga kingine kikaiacha Fourchette gizani siku tisa. Mashine kumi na nne za oksijeni zilinguruma ukumbini kwa umeme wa paneli, na hakuna aliyezikwa.

Ndipo barua ikatoka Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo: chama kimoja kilitaka kumtunuku Verlene ngao, "sauti ya wasio na sauti."

"Wasio na sauti?" Verlene akacheka. "Hawajamsikia Ozelle!" Akawaandikia: majina manane, Thaddea akiwemo, la sivyo ngao yao wakae nayo.

Wakaandika manane. Siku ya sherehe, meneja wa kampuni ya umeme, aliyegharimia chakula, alimnyooshea mkono wapigwe picha. Verlene akautazama ule mkono hadi ukarudi mfukoni wenyewe.

"Alcide Guillory," akasema kwenye kipaza sauti. "Hilo jina mlijue kabla hamjala."

Jumamosi iliyofuata alikuwa mbali kusini, kwa Wahouma, wenyeji asilia wa pwani ile, ambako bahari inakula ardhi, akigongagonga paa la kanisa lao kusikia kama mbao zina nguvu ya kubeba paneli.