Mama Analia

Huko Doha, Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya kanisa, kufua na kulala. Mimi nilikuwa na shughuli ya nne, kuwaonea wivu watu wenye watoto. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya kina mama wanaojifungua, nikiishi mtaa wa Al Mansoura na wauguzi wenzangu wawili, na kila Ijumaa jioni nikichungulia dirishani niliona familia zikipita. Baba anasukuma kigari cha mtoto, mama yuko nyuma yake, na watoto wengine wamemganda kama kupe. Nilikuwa navuta pazia kwa hasira. Wiki nzima nawakabidhi watoto kwa mama zao, halafu narudi kulala kwenye kitanda cha mtu mmoja.

Kwa hiyo mume wangu alipopata viza ya matembezi ya mwezi mmoja, akaja na watoto wetu wawili, niliapa kwamba na mimi nitatembea na familia yangu mpaka watu wachoke kutuona. Wenzangu walinihurumia wakaenda kukaa kwa rafiki, wakatuachia nyumba. Nilipika chapati usiku wa kuamkia siku ya kuwapokea, kana kwamba wanakuja kwa miguu kutoka Bungoma.

Kijana wetu alikuwa na miaka saba. Pale uwanja wa ndege alinirukia hadi nikayumba. Dada yake alikuwa na miaka minne, na mimi niliondoka nyumbani kabla hajaanza kutembea. Nilirudi likizo mara moja tu, akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hiyo hakuikumbuka. Alijificha nyuma ya suruali ya baba yake. "Msalimie mama," baba akamwambia. Akatoa mkono kwa adabu, kama mtoto anayemsalimia mgeni wa kanisani.

"Habari, anti."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nisingecheka ningekaa chini palepale kwenye sakafu yao inayong'aa.

Wenzangu walinifariji kwamba damu nzito kuliko maji, atazoea tu. Mimi kazi yangu ni ya damu, na sijawahi kuisikia ikimwita mtu. Huyu mtoto alilelewa na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Kukhu, na mimi alinijua kwa simu. Enzi hizo simu za kuonana uso hazikuwa zimefika kwetu. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kutafuta, mpaka Kukhu asimame karibu na banda la kuku ndipo tusikilizane. Kila Ijumaa nilimwimbia, nikamuuliza amekula nini, naye akaniambia kuku gani ametaga. Nilidhani tunajuana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nikaja kugundua kwamba haibembelezi mtoto pia.

Siku zilienda. Nilimwogesha, nikamsuka, nikampikia. Kila kitu alikipokea vizuri. "Asante, anti." Kukhu alikuwa amemfundisha heshima, nami heshima ile ilinikata kama wembe.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari yao kulikuwa na maonyesho ya kilimo na mifugo, kwenye uwanja mmoja karibu na bahari. Mume wangu ni mwalimu, na kwao hakukosa shoo ya kilimo hata mwaka mmoja, kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa amevaa koti. Siku hiyo ilitengwa kwa familia. Wanaume waliokuja peke yao walikuwa wakirudishwa getini, vijana wa watu waliooga na kuchana nywele, na sisi tukapita katikati yao. Niliwaonea huruma, lakini pia nilinyoosha shingo. Sina haja ya kudanganya.

Nilikuwa na lengo moja siku hiyo. Nilitaka mtoto aniite mama kabla hajapanda ndege. Hata mara moja ingenitosha.

Nilimhonga bila aibu. Nilimnunulia bisi, nikamnunulia puto, nikamnunulia ile sukari inayosokotwa kama pamba. Tulipofika kwa ngamia alisimama akamkagua kwa muda.

"Anti, huyu ng'ombe aliumwa na nyuki mgongoni?"

"Ni ngamia, wewe," kaka yake akamwambia. Baba yao alicheka hadi akashika uzio. Na mimi nilicheka, na kwa dakika chache nilisahau lengo langu lote, tukawa tu watu wanne wanaoangalia ngamia. Kama ningeambiwa nichague wapi siku ile isimame, ningechagua hapo.

Baadaye kijana alitaka kupanda farasi mdogo, baba yake akaenda naye kwenye foleni. Mimi nilibaki na binti. Hakupenda kushikwa mkono na anti, alikuwa akiuchomoa taratibu, bila ukali. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya asali. Muuzaji akanipa kijiko nionje, nikaonja, nikageuka nimwonjeshe mtoto. Hakuwepo.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimewashika mikono wanawake wengi wakiwa na uchungu ule mwingine, nikiwaambia wapumue. Siku ile mimi sikuweza kupumua. Nilizunguka mahema nikiita jina lake, nikiinama kuangalia chini ya meza za watu, mabuibui meusi yote yakiwa sawa na watoto wote wakiwa na sweta nyekundu kama yake.

Kitu kimoja nilikuwa nimekifanya vizuri. Kabla ya kutoka nyumbani niliwafunga watoto mkononi ule mkanda wa plastiki tunaowafunga watoto wachanga wodini ili wasichanganywe, nikaandika namba yangu. Simu yangu ikaita.

"Sista, umepoteza mtoto? Kasichana, ka sweta red?" Alikuwa mlinzi, Mkenya, mtu wa Nairobi kwa jinsi alivyoongea. "Tuko naye hapa kwa tenti ya watoto, karibu na gate kubwa. Hebu ongea naye, amekataa kabisa kunyamaza."

Nikasikia kilio chake kikija karibu. Nikamwita jina.

Kilio kikakatika. "Mama?"

Nikashika mlingoti wa hema la mtu.

"Mama, nimepotea," akasema. "Nimetafuta Baba. Mama, usitoke kwa simu."

"Sitoki. Nakuja. Niambie unaona nini." Nilikimbia simu ikiwa sikioni, naye akanisimulia kuhusu puto lake lililopaa na mtoto mwingine anayekula chungwa. Aliniita mama katika kila sentensi. Nilikuwa nakimbia huku nalia na nacheka, watu wakinipisha.

Niliingia kwenye hema tukiwa bado tunaongea. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu ya mlinzi ameishika kwa mikono miwili. Akaniinulia macho, akaniona, akarudi kwenye simu.

"Mama, anti amekuja," akasema.

Nilipiga magoti mbele yake, nikakata simu nikaitia mkobani, nikamwambia ni mimi. Nikamwambia ile sauti ni yangu. Aliitazama simu iliyonyamaza, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukakunjamana.

"Anti amekata Mama!"

Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, si cha deko, kilio cha msiba. Nilipomshika alinisukuma. Mlinzi akaja akasimama kati yetu. Hakuwa mtu mbaya.

"Sista, pole, lakini mtoto anasema wewe ni anti. Mamake ako wapi?"

"Mimi ndiye mama yake."

"Sawa, sikatai. Lakini siwezi kukupatia mtoto hivi hivi." Akachukua simu yake, akausoma tena ule mkanda, akapiga namba kwa makini. Simu ikaita ndani ya mkoba wangu.

Mtoto akaacha kulia. Akaunyooshea mkoba kidole.

"Mama analia," akamwambia mlinzi.

Mume wangu alikuwa ndiyo anaingia na kijana, anahema; waliniona nikikimbia wakanifuata. Akaanza kumweleza mlinzi kwamba nyumbani ndivyo anavyosema, simu ya Kukhu ikilia anakimbia jikoni akiita Mama analia, Mama analia, na wote humcheka. Alikuwa akitabasamu anapoeleza. Halafu akanigeukia, akaona nilivyokuwa, akaja kunishika bega.

Mlinzi alituachia mtoto. Alitazama chini akasema tu, "Wangu pia wako nyumbani."

Tulitoka nje. Binti alikuwa mgongoni mwa baba yake na hakutaka kitu chochote, si bisi wala farasi. Alimtaka Mama. Alisema Mama alikuwa njiani, alisema mwenyewe anakuja, na sasa atafika asitupate. Mume wangu alinitazama kama mtu anayeomba ruhusa ya jambo baya.

Nilielewa. Nikawaacha kwenye benchi, nikaenda nyuma ya hema la mbuzi, nikampigia kwa simu ya baba yake.

"Mama!" akasema. "Ulienda wapi?"

"Niko hapa."

"Anti alikukata. Usimchape, hakujua."

"Simchapi."

"Unakuja leo?"

Niliona benchi lao kupitia mwanya wa mahema. Alikuwa akichezesha miguu, ametulia, amefurahi. Nilimuuliza kama anti ni mtu mzuri. Akasema ni mzuri, anapika chapati, lakini anashikashika watu. Nikamwambia basi leo amruhusu anti alale karibu naye, asimsukume kwa miguu kama alivyokuwa akifanya tangu waje, kwa maana mwezi mzima nilikuwa nikijaribu kujilaza pembeni yake, naye ananifukuza hadi nahamia sakafuni.

Aliacha kuchezesha miguu.

"Hapana," akasema. "Hapo nimekuwekea wewe."

Nilimwambia asante, mama yangu. Kisha nikamwomba ampe baba simu, na baba yake akaongea peke yake kwa muda mrefu, huku mimi nikilia nyuma ya hema la mbuzi.