Mkono Wangu wa Kungoja

Mpira wa rede ukimpata mtu mgongoni unalia pwaa, kama kofi la mama kwenye mwili wa mtoto aliyetoka kuoga. Sauti hiyo sijaisahau. Tanga, kiangazi, mchanga unachoma nyayo mpaka unacheza ngoma bila kupigiwa. Mpira wetu ni soksi iliyojazwa matambara. Wasichana wawili wanarusha, mmoja huku mmoja kule, wa tatu yuko kati anajaza chupa mchanga. Akipigwa anatoka, anaingia mwenzake; akiijaza pomoni bila kupigwa, kwao wameshinda.

Mimi nilikuwa mrushaji, tena wa kungoja. Wa kati akisimama wima ananikatia kiuno, simrushii ng'o; nampasia mwenzangu Saumu taratibu. Akiinama tu kuchota, pwaa! Kwa hiyo nilikuwa sikosi. Mtaa mzima walinisifu, kichwa kikanivimba kama andazi. Ila Mwajuma, mkubwa wetu aliyekuwa akipanga nani acheze, alikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua: "Hakoooosi, hakoooosi! Atakosaje na anapiga mtu aliyeinama? Hata bibi yangu asiyeona angempata. Tukicheza na Mtaa wa Pili mimi simtaki." Nilimwiga watu wakacheka, lakini maneno yalinichoma. Maana mwenyewe nilikuwa sijui: najua kurusha, au najua kuchagua tu?

Siku ya Mtaa wa Pili ikafika. Mwajuma akarusha mwenyewe, kwa nguvu za kubomoa ukuta, mipira yote ikaishia kwenye banda la kuku. Wengine Saumu kashawatoa, kwao amebaki mmoja tu, Zuhura, mrefu, mwepesi kama kamba ya kuanikia nguo, na chupa imefika shingoni. Saumu akalia, "Dada Mwajuma, muingize huyu, tunaaibika!" Nikaingizwa. Kumbe Zuhura habari zangu anazo. Hainami. Anachuchumaa, anachota, macho kwangu, karuka. "Wee Bi Ngoja! Ngoja basi, mwanangu, nijaze!" Kwao wanaangua vicheko. Nampasia Saumu, Saumu ananirudishia. Mwajuma huku nyuma, "Rushaaa! Unasubiri alale?" Simba mwenda pole ndiye mla nyama, sawa, lakini nyama yenyewe ilikuwa inajaza chupa.

Likabaki gao moja la mchanga, kiganja kimoja tu, chupa ijae. Zuhura akasimama wima, chupa juu, anamimina huku anarukaruka. Hapo hakuna tena cha kungoja. Nikautupa kwa mkono wote, tangu begani. Pwaa, ubavuni! Chupa ikaanguka. Mwajuma, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake: "Mh. Kumbe mkono alikuwa nao."

Leo niko Birmingham, Uingereza, na mjukuu wangu Rehema anacheza ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la papai, kule mtaa wa Castle Vale. Yeye ndiye kwotabeki, mrushaji wao. Anarusha pasi fupi fupi, karibu zote zinafika, na simu imezihesabu zote. Baba yake, mwanangu Hamisi, anakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya: "Mama, hizo stats zisikudanganye. Anacheza sefu tu, hajihatarishi. Mbali hawezi." Rehema anasikia, anaangalia viatu vyake.

Sisi tulihesabu kwa midomo, na jua likizama hesabu imepotea. Siku hizi hakipotei kitu, Hamisi anazo mfukoni hata chooni. Lakini ule mpira Rehema alioushika, akatazama, akaona hapana, asirushe bado, umeandikwa wapi? Kama mkono wa mbali anao, mimi sijui. Simu haijui, na Hamisi ndiyo kabisa. Siku yake ya kulazimika itakuja. Ila kungoja huku watu wanakupigia kelele, hilo nalijua uzito wake, na mjukuu wangu analiweza.

Jumapili nilikaa pembeni na blanketi langu. Watu wanamkemea arushe, "Throw it! Throw it!", Rehema katulia tuli, kisha akamrushia mpira mwenzake wa karibu. Hamisi akaniinamia, "Umeona, Mama? Karusha fupi tena."

"Nimeona," nikamwambia. "Na umefika."