Jezi ya Kijani

Nilikuwa mlinzi wa jengo la fleti mtaa wa Al Barsha, katika nchi ya Kiarabu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu pekee ya kupumzika. Ijumaa moja nikatoka na jezi ya kijani ya klabu yangu ya Kenya, niliyorithi kwa kaka yangu. Mzee aliyekuwa akiuza mikate jirani, Mpalestina aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Jordan, akawaacha wateja kwenye foleni akaja kunikumbatia. Klabu ya kambi yao nayo huvaa kijani. Alidhani nimevaa jezi yao.

Ningemwambia ukweli palepale, lakini macho yalikuwa yameshamlowa. Nikamkumbatia na mimi kama mjinga. Tangu hapo kila mechi yao aliniita, tukaitazama kwenye simu yake iliyoegemea mfuko wa unga. Wakifungwa, alinigombeza mimi. "Yalla, paza sauti! Unadhani watafunga wenyewe?" Nami nilipiga kelele hadi koo likakauka, kwa ajili ya wachezaji nisiowajua hata majina. Siku hizi napita hapo nasikia harufu ya mkate tu, na natamani hata yale makemeo yake.

Alipoacha kazi ili arudi kambini, nilimpa ile jezi nikaungama yote. Alicheka sana.

"Beji ya klabu yako niliiona siku ile ile, nilipoacha tu kukukumbatia, habibi. Lakini ulikuwa na sura ya mtu asiye na wa kushangilia naye."