Pua ya Papa Hervé na Mashini ya Usingizi

Pale Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, mutu akitaka kujua kama gunia la chisense lilinyeshewa na mvua kabla ya kukauka, hakuwa na haja ya kulimwaga chini. Alimuita Hervé. Hervé aliinama, akafungua mudomo wa gunia kidogo tu, akavuta hewa polepole na macho yamefungwa. Alijua kama wale samaki wadogo walianikwa juu ya muchanga ao juu ya majani. Alijua kama mwenye kuuza aliwachanganya wa wiki hii na wa mwezi uliopita akidhani hakuna atakayegundua. Wachuuzi walimuita Papa Pua, na yeye hakulikataa jina hilo. Pua yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ndogo, imelala kidogo upande wa kuume kwa sababu ya teke moja la utotoni kwenye kiwanja cha mupira.

Alikuwa mutu wa Kilwa ya Kongo, ngambo ya ziwa. Yeye, muke wake Léonie na binti yao Mimi walivuka mwaka ule vita ilipopita Katanga, wakapanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kununua chisense kavu vijijini, hasa Kabuta, na kuivusha na mashua yake ya motere hadi Kongo. Ilikuwa kazi ya kuamka mapema, kwa hiyo kila siku baada ya kula chakula cha muchana alilala.

Na hapo ndipo tabu ilikuwa. Hervé alilala sana lakini hakupumzika hata kidogo. Alikoroma mpaka majirani wakaacha kumusalimia vizuri. Katikati ya kukoroma alinyamaza ghafla, kifua kimesimama, halafu akashtuka kama mutu aliyetolewa ndani ya maji, akaanza upya. Akiamka alikuwa amechoka kuliko alivyolala, na usingizi ulimufuata popote. Siku moja, kule Kabuta, aliingiza kichwa ndani ya gunia la Mama Eness na hakukitoa. Mama Eness, mwanamuke wa makamo aliyeheshimu kazi yake, akasimama na kuwaambia wenzake kwamba leo Papa Pua anachunguza kweli kweli. Waliendelea kumuheshimu hivyo mpaka gunia lilipoanza kukoroma.

Dada ya Léonie, Marlène, alikuwa enfirmiere, muuguzi, ku hospitali moja ya Ubelgiji. Alipokuja kuwatembelea alikaa kwenye kiti karibu na kitanda wakati shemeji yake amelala, akamusikiliza, na uso wake ukabadilika. Akasema hiyo si kukoroma kwa kawaida, ni ugonjwa: koo inajifunga na pumzi inakatika, na siku moja moyo utachoka kungojea. Akamupeleka Lusaka kwa daktari anayejua mambo hayo, na daktari akakubali. Miezi ikapita, kisha padri mumoja aliyerudi toka Ulaya akawaletea sanduku toka kwa Marlène. Ndani mulikuwa mashini yenye ukubwa wa redio, tiyo ndefu ya plastiki yenye mikunjo kama koo ya kuku, na maski ya kufunika pua. Mashini ilivuta hewa ya chumba na kuisukuma puani ili koo isijifunge.

Siku ya kwanza Hervé alilala nayo muchana kutwa. Hakukoroma. Léonie aliingia mara nyingi kuangalia kama bado anaishi. Alipoamka, aliketi kwenye kitanda, akatazama ukuta, akasema ukuta huo una rangi ya kijani. Walikuwa wamekaa mule zaidi ya mwaka.

Lakini kulikuwa harufu. Toka pumzi ya kwanza ile maski ilinuka kama duka la fundi viatu: mupira mupya, gundi, na kitu kingine kikali nyuma yake ambacho hakuweza kukipatia jina. Aliamka nayo puani, akala nayo, akaenda nayo Kabuta. Huko Mama Eness akamufungulia gunia zuri, chisense ya wiki ile, kavu, nyeupe kama karatasi. Hervé akainama, akavuta hewa, akainuka na uso wa huzuni.

“Mama Eness, hii samaki inanuka viatu,” akasema.

Wanawake wote wakageuka. Mama Eness alifunga gunia lake, akalipakia kwenye baiskeli na kulipeleka kwa munuuzi mwingine, ambaye alilichukua bila kubishana. Hervé akajaribu gunia la pili, la tatu. Yote yalinuka viatu. Ndipo alipoelewa kwamba viatu vilikuwa ndani ya pua yake mwenyewe, na akarudi nyumbani bila muzigo.

Jioni ile alimuambia Léonie kwamba ile mashini inamurudishia akili na kumunyanganya pua, na yeye anakula kwa pua. Léonie akamujibu kwamba mufu pia haana pua. Kama harufu ndiyo shida, watafute namna ya kuitoa harufu, lakini mashini haitarudi ndani ya sanduku. Aliposema hivyo alikuwa anakata mboga na hakuinua macho, na Hervé alijua maana yake.

Wakaanza kutafuta namna. Hervé, ambaye hakupenda mambo ya polepole, alichukua javeli, ile maji kali ya kutoa madoa kwenye nguo, akaloweka tiyo na maski ndani yake toka asubuhi. Muchana alijifunga maski kwa furaha. Baada ya muda mufupi alitoka chumbani mbio, macho yanamwaga machozi, koo linawaka, na kwa siku mbili alikohoa. Harufu ya viatu ilikuwa bado, ila sasa ilikuwa kama viatu vilivyolazwa hospitali.

Mwalimu wa kwaya ya kanisa lao akamushauri apake ndani ya maski dawa ya mafua, ile ya kopo ndogo inayopakwa kifuani. Hervé akapaka kwa ukarimu. Mashini ikamusukumia dawa ile yote kichwani kwa nguvu, akapiga chafya ndani ya maski, na chafya, kwa kukosa njia ya kutokea, ikamurudia. Mimi alicheka mpaka mama yake akamutuma dukani kununua chumvi ambayo hawakuihitaji.

Mwishowe Hervé akafikiria kwamba harufu mbaya inafukuzwa na harufu nzuri, na kwake yeye harufu nzuri ilikuwa moja. Akatundika tiyo na maski juu ya kamba, pale pale walipoanika chisense nyuma ya nyumba, vikakaa asubuhi yote juani. Siku ile alilala kwa amani, akaota ndoto za Kilwa na mama yake akikaanga. Tabu ni kwamba pumzi yake yote ilikuwa inatokea kwenye vitundu vya maski na kujaza chumba. Léonie alipoingia alikuta paka watatu wamekaa kwenye dirisha, na wa nne amekwisha kupanda kitandani, anamutazama Hervé usoni kama mutu anayengojea sahani.

Marlène alikuwa na desturi ya kuwapigia simu siku ya posho, yaani Jumamosi, pale posta ya Nchelenge, muji wa jirani. Posho ile Hervé akaenda mwenyewe na kumueleza yote. Marlène akamugombeza kwa adabu, kama inavyofaa kumugombeza shemeji. Javeli isiguse tena kile kitu, akasema, wala dawa ya mafua, wala marashi, maana chochote kinachowekwa mule kinaingia moja kwa moja mu mapafu. Plastiki mupya inanuka, ni kawaida yake. Aoshe tiyo na maski kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, asuuze mpaka achoke, kisha atundike kivulini penye upepo, mbali na samaki. Akamuuliza pia mashini inakaa wapi. Hervé akasema inakaa pasafi, chini, karibu na kitanda.

Akafanya kama alivyoambiwa. Aliosha, akasuuza, akatundika kwenye upepo wa ziwa, na kila siku harufu ya viatu ilipungua. Ikafika siku akashika maski mukononi, akainusa kwa ile namna yake ya macho yamefungwa, na hakukuwa kitu. Akamuita Léonie anuse; hakukuwa kitu. Basi akajilaza, akawasha mashini, na kile kitu kingine kikali kikamuingia puani kama kawaida.

Hapo alikasirika kweli. Akasema ubovu uko ndani ya tumbo la mashini, Wazungu wamesahau kitu mule, na atalifungua aone. Léonie akaficha turunevisi, ile bisibisi yake, ndani ya mufuko wa unga. Siku tatu Hervé alilala bila mashini, na kukoroma kukarudi, na kunyamaza kule kwa ghafla. Léonie, ambaye sasa alijua maana ya kunyamaza kule, hakulala. Alikaa na kuhesabu pumzi zake kama mutu anayengojea habari, na kila pumzi ilipochelewa alimusukuma ubavuni.

Katika siku hizo Mama Eness akafika toka Kabuta na baiskeli yake. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba Papa Pua anaumwa, na hasira yake ilikuwa imepoa. Alileta samaki mubichi, akakaa, akapewa maji ya kunywa. Léonie, akitaka kulainisha mambo, akamueleza habari ya mashini na kumukaribisha aione. Mama Eness akakanyaga kizingiti cha chumba na kusimama.

“Bashi Mimi,” akamuita Hervé, yaani baba ya Mimi kwa lugha yake, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha sokoni, “huku ndani munanuka petulo.”

Hervé akacheka. Akamuambia kwa heshima kwamba kama mu nyumba hii mungekuwa harufu ya esansi, ndiyo hiyo petulo, yeye angekuwa mutu wa kwanza kuijua. Mama Eness alipiga magoti, akainua shuka lililoning'inia, akaingiza mukono chini ya kitanda na kuvuta bido, dumu la plastiki la manjano. Ilikuwa esansi ya motere. Hervé aliiweka mule toka mwaka waliohamia, kwa kuogopa wezi wa bandarini, na kifuniko chake hakikukaza vizuri. Mashini ilikuwa imekaa chini, mudomo wake wa kuvuta hewa umeelekea pale pale. Kila siku ilikuwa inakunywa mvuke wa esansi toka karibu kabisa, mukali kuliko ulivyokuwa chumbani, na kumupelekea bwana wake puani.

Hervé alinusa chumba kwa pua yake yote, na hata sasa, bido likiwa mbele ya miguu yake, aliona ni harufu ya nyumbani tu. Alikuwa ameizoea kama mutu anavyozoea sauti ya muke wake. Léonie akasema polepole kwamba yeye pia hakuisikia tena. Kisha akatazama waya ya umeme iliyopita karibu na bido, akatazama soketi iliyolegea, akakaa kitandani.

“Tungeungua, Papa Mimi,” akasema. “Sisi na mutoto.”

Hervé akalibeba bido lile mwenyewe, kwa mikono miwili, akatoka nalo mpaka bandarini bila kusimama. Alikuwa na rafiki mwenye kibanda cha kufuli, na toka siku ile esansi ilikaa huko. Aliporudi alikuta Mama Eness na Léonie wamefungua madirisha, wametoa godoro nje na wanasugua sakafu. Mashini ilikuwa imewekwa juu ya kigoda karibu na dirisha. Nyuma yake mulikuwa kipande cha sponji cha kuchuja hewa. Kilikuwa cheusi na kunuka kama motere. Marlène alikuwa ametia vingine ndani ya sanduku, wakaweka kipya.

Akajilaza pale pale, wanawake wawili wamesimama wanamuangalia. Akafunga maski, akavuta pumzi. Ilikuwa hewa tu. Alitaka kuwaambia, lakini kwa maski usoni sauti yake ilitoka kama ya mbuzi, kwa hiyo aliinua kidole gumba, na kabla hakijashuka alikuwa amelala.

Aliyoyafanya baadaye yalimugharimu kiburi kidogo. Alienda Kabuta, akamuomba Mama Eness radhi mbele ya wale wale waliosikia habari ya viatu, na kuwaambia wazi nani aliyeisikia harufu ya esansi na nani aliyeikosa. Walifurahi kupita kiasi. Kwa miezi kadhaa kila aliyefungua gunia alimuita kwanza Mama Eness anuse, na Hervé alivumilia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kwa Léonie. Pua iliyotoka chini ya esansi ya mwaka muzima ilikuwa kali kuliko zamani. Hervé aliingia mulangoni na kutangaza kwamba mafuta ya kupikia yameanza kuharibika, kwamba Mimi amekula maembe mabichi, kwamba mwalimu wa kwaya alikaa kwenye kiti hiki na soksi zile zile za juma lililopita. Léonie alimuambia kwamba si kila kitu kinachosikiwa lazima kisemwe.

Mwisho wa kiangazi walivuka kwenda Kilwa kumuona mama ya Hervé, ndani ya mashua iliyojaa watu na magunia, mashini imefungwa vizuri ndani ya blanketi juu ya mapaja yake. Hervé alikuwa macho safari nzima. Aliwaonyesha abiria ndege, akawaeleza upepo unatoka wapi, akataja kila gunia lina nini ndani bila kulifungua, akauliza mutoto wa kila mutu anasoma darasa gani. Katikati ya ziwa, mama mumoja aliyebeba kuku akamuinamia Léonie na kumuuliza kwa sauti ya chini kama bwana wake haana desturi ya kupumzika kidogo mu safari.

Léonie akamuambia kwamba zamani alikuwa nayo.