Kwenda Jeddah Kuutazama Mkarafuu

Mama alinipigia simu kutoka Wete. "Huyo mjukuu wangu mnamleta lini nimuone, au mpaka nife?" Nikamjibu mwakani, jibu lile lile la mwaka jana. Kafili wangu, bosi anayenidhamini hapa Riyadh, alitaka nifanye kazi likizo hii pia, na anayekataa asitegemee mkataba mpya. Jumapili nimpe neno. Mwanangu Salma, aliyezaliwa hapa hapa na hajaiona Pemba, alininunia. Nikamtafutia cha kumtuliza. Rafiki yangu Barasa, dereva Mkenya aliyeko Jeddah, alisema bosi wake ametundika ukutani picha za kale zilizochapwa Ulaya, za miti ya nchi za joto, na mkarafuu umo. Nikaona picha itamtosha.

Alhamisi tulipanda basi. Njia ndefu, jangwa ni lile lile, na Salma hakuchoka kuniuliza habari za shamba la Bibi.

Ijumaa baada ya sala tulifika nyumbani kwa bosi wake, mtaa wa Al-Nuzha. Barasa alitungoja mlangoni. "Karibuni sana. Mzee amesema muangalie tu. Kugusa, mafi, hakuna!"

Picha zilichapwa kwa bamba la shaba, mistari myembamba kama nywele, kisha zikatiwa rangi kwa mkono. Mnazi, mgomba, mwisho mkarafuu. Nilipouona nilicheka mpaka Barasa akanikodolea macho. Matawini zilijaa karafuu kavu, nyeusi, tayari kwa pilau!

"Fundi huyu hajauona mti," nikasema. "Kaziona karafuu dukani, akazipachika. Mtini huwa kijani, zikianza wekundu tunazichuma. Weusi zinaupata juani, jamvini."

"Si aliambiwa tu na mabaharia," Barasa akamtetea. "Alijaribu, bana."

Salma hakucheka. "Baba, mimi nilijua ziko hivyo. Ule mti niliouchora skuli nilizitia nyeusi. Nikampelekea Bibi kwenye simu, akasema mzuri sana."

Kicheko kikaniishia. Mama amechambua karafuu tangu utotoni. Aliutazama mti ule, akajua mjukuu wake hajauona mkarafuu, akausifu. Niliona haya, na nikasikia uchungu.

Jumamosi tulirudi. Jumapili asubuhi kafili akaniuliza, "Halas, tumeelewana?"

"Samahani, bosi. Nakwenda nyumbani."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna."

Akageukia simu yake. Mkataba sijui utakuwaje, na hofu ninayo. Lakini nimejifunza kwamba habari za mti, hata zisimuliwe vizuri vipi, hazimwonyeshi mtu mti. Yule fundi wa Ulaya hakuwa na mtu wa kumpeleka. Salma anaye baba.